Ukarabati wa mnara wetu wa mashujaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu mkutano mkuu wa kijiji ulipopitisha ukarabati wa mnara wa pale njia panda, kila mjumbe wa kamati anasimamishwa njiani. Maswali ni yale yale, na mengine ni mazito kuliko tulivyotarajia. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu tuliyokubaliana kikaoni. Pale nilipotoa maoni yangu mwenyewe kama katibu, nimesema wazi.

Mnara ule ni wa vita gani hasa?

Ni wa Vita Kuu ya Kwanza, vile ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Mjerumani na Mwingereza. Wengi walidhani ni wa Majimaji, na si ajabu. Majimaji ilipiganwa 1905 hadi 1907, hivi vikaanza 1914, na huku Kusini mwa Tanzania mtu aliweza kunusurika ile ya kwanza akaja kufia katika vya pili.

Kwetu vilifika kwa nguvu mwaka 1917. Mahiwa, mkoani Lindi, watu walipigana siku 4, tarehe 15 hadi 18 Oktoba, na upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Walikuwemo askari wa Keya, yaani jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, na brigedi nzima iliyotoka Nigeria. Baadaye jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji tarehe 25 Novemba 1917. Mwaka mmoja kamili baada ya hapo, 25 Novemba 1918, akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Ulaya bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu tarehe 11. Kwa wiki mbili hizo mizigo ilikuwa bado mabegani mwa watu wetu.

Kwa nini kamati inawataja wapagazi kuliko askari?

Kwa sababu ndio waliokuwa wengi, na ndio waliokufa wengi.

Farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Magari yalizama kwenye tope. Kilichobaki kilikuwa kichwa na bega la mtu. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, na sehemu ya mzigo huo ilikuwa chakula cha wapagazi wenyewe. Kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali, ndivyo lilivyohitaji wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi posho. Ukipiga hesabu hiyo kwa safari ya miezi, utaelewa kwa nini vijiji vilibaki na wazee na watoto. Jumla ya waliochukuliwa na Waingereza kwa miaka yote ya vita inakadiriwa kufika milioni moja. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukakigeuza kuwa Kariakoo. Soko la Dar es Salaam linaitwa hivyo kwa sababu ya kambi ya wapagazi hao, na Nairobi wana Kariokor yao.

Wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni. Waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia 100,000, na wapo wanahistoria wanaosema ni zaidi. Wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa vizuri.

Mtu aliyekamatwa shambani kwake, akaswagwa pamoja na wenzake, akabeba masanduku ya risasi mpaka akaanguka, hakuwa na ugomvi na mfalme yeyote. Huyo ndiye tunayemkumbuka kwanza.

Mbona mnara wenyewe hauna hata jina moja?

Hili ndilo swali lililonifanya nikubali ukatibu.

Ukifika Dar es Salaam, simama Mtaa wa Samora uitazame Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa 1927, pale pale iliposimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, hadi Waingereza walipoiondoa baada ya kuuteka mji 1916. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanasema pia kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu yote ukitafuta jina moja la mpagazi. Hulioni. Nairobi na Mombasa ziliwekwa sanamu za aina hiyo miaka hiyo hiyo, nazo hazina majina.

Haikuwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza iliundwa 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, awe jenerali au askari wa kawaida. Ulaya jambo hilo lilitimizwa, jina likiandikwa kaburini, au kwenye ukuta wa ukumbusho kwa asiye na kaburi linalojulikana. Kwa Waafrika wa huku ikaamuliwa kwamba sanamu moja inatosha, na makaburi ya wapagazi yakaachwa yamezwe na pori. Mwaka 2021 Tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi. Ripoti inasema watu kati ya 45,000 na 54,000 hawakuenziwa sawa na wenzao, na wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waafrika wa Mashariki ni sehemu kubwa ya hao.

Kurekebisha kunawezekana. Januari 2025 Cape Town ilizindua ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika kazi za vikosi vya vibarua, na kila mmoja amesimamishiwa nguzo ya mbao ya mvule yenye jina lake. Sisi hatuna uwezo wa nguzo. Tuna uwezo wa bamba moja. Kwa maoni yangu bamba hilo ndilo ukarabati wenyewe, na kazi ya mawe ni kuliandalia mahali.

Majina mtayapata wapi, na miaka zaidi ya 100 imepita?

Tumeanzia kwa wazee. Bibi mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye macho yake hayaoni tena, alitutajia majina saba ya wanaume wa ukoo wake ambao hawakurudi. Yako ndani ya wimbo wa kutwangia aliofundishwa na bibi yake. Kila tulipomkatiza ili tuandike vizuri, ilibidi aanze upya, maana hakuweza kulifikia jina la nne bila kupita kwenye la kwanza. Tulikaa naye tangu alasiri mpaka magharibi, mjukuu wake akipiga mdundo kwenye kinu kitupu ili maneno yasimpotee. Sasa tunayo yote saba kwenye daftari na kwenye simu mbili.

Kisha kuna karatasi. Tumeanza kuuliza Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na pia hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua mtandaoni bila malipo. Shida iko kwenye herufi. Makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia: Khamis wa karatasi hii ni Hamisi wa ile na Amisi wa nyingine, na huwezi kujua kama ni mtu mmoja au watatu mpaka upate jina la baba au la kijiji. Wapagazi wengi waliandikwa jina moja tu, wengine jina la utani walilopewa kambini.

Orodha ya awali itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa miezi 3 kabla fundi hajaigusa. Njoo uisome. Isome kwa sauti, na umsomee aliye nyumbani asiyeweza kutembea. Kosa la herufi moja kwenye karatasi tunalirekebisha kwa kalamu, lakini kwenye bamba familia italitazama maisha yake yote. Jina likithibitishwa na watu wa koo mbili tofauti, au na mtu mmoja na karatasi, linaingia. Lenye shaka litaandikwa kwenye kitabu kitakachokaa ofisini hadi ushahidi upatikane. Ndiyo maana robo ya chini ya bamba itaachwa wazi.

Babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Jina lake litaingia?

Litaingia.

Jambo hili lilijadiliwa vikao viwili na sauti zilipanda. Wapo waliosema askari wa Mjerumani ndio waliochoma maghala ya babu zetu wakati wa Majimaji, na wanasema kweli: njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Familia zenye kumbukumbu hiyo hazipaswi kuambiwa zisahau. Lakini vita hivi vya 1914 vilichanganya watu. Kuna nyumba hapa kijijini ambayo kaka alikwenda na Mjerumani na mdogo wake akachukuliwa na Mwingereza. Na Keya wenyewe, vita vilipokolea, waliandikisha askari waliokuwa wametekwa kutoka kwa Mjerumani, kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuvaa sare zote mbili.

Tulichokubaliana ni kwamba majina yatapangwa kwa alfabeti, bila cheo, bila kutaja upande. Historia ya nani alikuwa wapi itaandikwa kwenye kitabu, ambako kuna nafasi ya kueleza. Mimi nilipiga kura ya ndiyo na ningeipiga tena.

Wanawake je?

Wake za askari walifuatana na majeshi, wakapika, wakabeba watoto na vyungu, wakazika waume zao njiani. Tukipata jina la mwanamke aliyefia huko, linaingia kwenye orodha ile ile, kwa alfabeti ile ile. Hadi sasa tumepata moja.

Na waliokufa Burma, Msumbiji na Kagera?

Uso wa mashariki wa mnara uko tupu, na huo utakuwa wao. Wapo vijana wa hapa waliopelekwa Burma na Keya katika Vita Kuu ya Pili. Wapo waliokwenda Msumbiji wakati wa ukombozi, ambao taifa linawakumbuka pale Naliendele, Mtwara. Na wapo wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, waliolazwa Kaboya, wilayani Muleba. Kaboya ni mbali mno kutoka Kusini. Mama mmoja aliniambia hajawahi kuliona kaburi la mwanawe na hategemei tena kuliona. Kwake jina kwenye jiwe la njia panda ni mahali pa kusimama.

Kwa nini msibomoe mkajenga mpya wa vigae au marumaru? Ungependeza zaidi.

Ungependeza kwa miaka mitano. Mnara huu ulijengwa na mafundi wa hapa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa huku huku pwani, na watoto wa waliopotea waliuona ukijengwa. Mawe yale yaliguswa na watu waliokuwa na sura za marehemu vichwani mwao. Ukiyafanya kifusi, unabaki na kitu kipya kinachozungumzia jambo la zamani.

Lengo letu ni kwamba siku kazi ikiisha, mpita njia aone mnara mkongwe ulio imara na unaosomeka. Doa la miaka, pembe iliyolika, alama ya moshi wa mishumaa upande wa kusini, vyote vitabaki. Tutakarabati panapodhuru tu.

Tumemwona fundi akibandua saruji ambayo bado ni nzima. Si uharibifu huo?

Saruji hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuharibu mnara. Miaka iliyopita mtu mwenye nia njema alileta fundi akapiga lipu ya saruji sehemu yote ya chini na kujaza viungo vyote. Ulionekana nadhifu. Lakini jiwe la matumbawe lina vitundu, linanywa maji ya mvua na ya ardhini, na linahitaji kuyatoa tena kama pumzi. Chokaa inayapitisha. Saruji inayazuia. Maji yakikosa njia kwenye viungo yanatokea kwenye jiwe lenyewe, yakibeba chumvi. Maji hukauka, chumvi ikabaki na kugeuka chembechembe ngumu ndani ya vitundu, zikautumbua uso wa jiwe kidogo kidogo. Ukipitisha kiganja pale chini lipu ilipoanguka, unga mweupe unabaki mkononi. Huo unga ni jiwe letu.

Fundi wetu anaitoa saruji kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, si kwa mashine, na anapokuta imeshikana na jiwe kiasi kwamba itaondoka nalo, anaiacha. Kisha viungo vinajazwa chokaa na mchanga msafi usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni haufai hata ukioshwa mara moja. Kanuni yake ni nyepesi: kinachounganisha kiwe laini kuliko kinachounganishwa, ili kitu kikilika kilike kiungo, maana kiungo kinajazwa tena na jiwe halirudi.

Mmeuliza pia kwa nini mnara umefunikwa magunia yaliyolowa. Chokaa haikauki kama saruji. Inakomaa polepole kwa kuvuta hewa, na jua letu likiikausha upesi inabaki unga. Magunia yanamwagiwa maji asubuhi na jioni. Tafadhali msiyachukue, tumeshapoteza mawili.

Mnasafisha kwa maji na brashi tu? Mashine ya kuoshea magari ingemaliza kazi kwa saa moja.

Ingemaliza na jiwe. Maji ya presha yanachimba uso wa matumbawe na kuusukumia unyevu ndani. Brashi ya waya inaacha mikwaruzo na vipande vya chuma ambavyo vitashika kutu. Dawa za klorini zinaacha chumvi. Tindikali ya kusafishia vigae inaliyeyusha kabisa jiwe lenye chokaa. Mkitaka kuona, chukueni kipande cha jiwe la matumbawe kutoka kwenye kifusi, si kwenye mnara, mkamulie limao: kitatoa povu. Povu hilo ni jiwe linaloondoka.

Kwa hiyo ni maji safi, brashi ya nyuzi laini, na subira. Tunaanza chini kwenda juu ili maji machafu yasichore mistari kwenye jiwe kavu. Ukungu mweusi hautatoka wote, na hatutaulazimisha.

Naweza kuja kusaidia?

Ndiyo, na tunakuhitaji. Jumamosi asubuhi, uje na ndoo. Kazi ya viungo na ya herufi mwachie fundi.

Lile bamba la shaba la zamani mbona hamling'arishi?

Kwa sababu kila ukisugua shaba unaondoa shaba. Rangi ya kahawia na kijani mnayoiona ni ngozi ambayo madini yenyewe yamejitengenezea, na mahali ilipotulia inasaidia kuyalinda. Mabamba yaliyosuguliwa kila mwaka kwa sherehe huishia na herufi bapa zisizosomeka. Letu litaoshwa kwa maji na sabuni kidogo isiyo kali, likauke kabisa, kisha lipakwe nta. Nta itarudiwa kila mwaka.

Kuhusu wizi: ni kweli, wanunuzi wa vyuma chakavu wapo, na shaba ina soko. Bamba limepigwa picha pande zote, limepimwa, na litafungwa kwa skrubu ambazo kichwa chake hakifunguki kwa bisibisi ya kawaida. Bamba jipya la majina tumeamua liwe la jiwe, ili lisimvutie mtu huyo.

Yale maneno yaliyofutika yatachongwa upya?

Hapana, na jambo hili limewasikitisha wengine. Ili kuchonga herufi upya juu ya jiwe lililolika, fundi lazima achimbe zaidi, na baada ya mara mbili au tatu jiwe linakwisha. Tena mkono wa leo si mkono wa wakati ule, herufi hubadilika sura. Tutayaandika maneno yote kamili kwenye bamba jipya pembeni.

Na hayajafutika kama mnavyodhani. Nendeni saa moja usiku na tochi. Msiimulike jiwe usoni, laza tochi ubavuni kwake, mwanga ukipita juu juu kama jua la machweo. Herufi zinainuka kutoka kwenye kivuli chake. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilisoma neno «wapagazi» ambalo nimelipita tangu utoto bila kujua lipo. Tafadhali msipake unga, chaki wala mkaa ili kusoma.

Mche wa mkuyu uliootea juu?

Umekatwa shina, haujang'olewa. Mizizi imeingia kwenye viungo, na ukiuvuta unatoka na mawe. Tunauacha ukauke, kisha tutajaza mahali ulipokuwa.

Mnara huu unalindwa na sheria?

Si moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo, kama letu, linahitaji kutangazwa rasmi na waziri. Tumeandika barua kupitia afisa utamaduni wa wilaya ili Idara ya Mambo ya Kale ije iutazame, na hatukusubiri matatizo ndipo tuombe. Ardhi ilipo ni ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo kwa sasa mlinzi wake wa kwanza ni mkutano mkuu wenu. Muhtasari wa kikao unaotaja mipaka ya eneo upo ofisini, na kila mwanakijiji ana haki ya kuusoma.

Kuna watu wamezikwa chini yake?

Hakuna mzee anayekumbuka hivyo, na hatuchimbi. Ikitokea mifupa imeonekana wakati wa kazi, kila kitu kinasimama, mtu hagusi, na serikali inaarifiwa. Kuhamisha makaburi kuna sheria yake, ya 1969.

Jambo jingine la kuogopa zaidi ni vyuma. Mtu akikuta kitu chenye umbo la risasi kubwa au kombora, hata kama kimeshika kutu, asikiokote, asikigonge. Asogee mbali na kuita polisi.

Barabara ikipanuliwa itakuwaje?

Huenda siku moja tukalazimika kuuhamisha. Hilo si geni: mwaka 1968 makaburi ya vita zaidi ya 600 ya Ocean Road, Dar es Salaam, yalihamishwa kupisha barabara. Kwa sababu hiyo tumepiga picha za kila uso na kuchora kila safu ya mawe kwa namba. Tutapinga kwanza. Tukishindwa, tutaujenga tena jiwe kwa jiwe.

Mtaweka uzio?

Kamati imegawanyika. Mimi sitaki uzio. Watu wanaokaa kwenye ngazi za mnara wakisubiri gari ndio wanaousoma. Ninachoomba ni pikipiki zisiegeshwe zikiuegemea, na nguo zisianikwe juu yake.

Fedha?

Michango na matumizi vinabandikwa kwenye ubao wa ofisi kila mwisho wa mwezi, pamoja na stakabadhi. Asiyeridhika amwone mweka hazina, siku yoyote.

Kutakuwa na msalaba, au aya?

Hapana kwa vyote viwili. Waliopotea walikuwa Waislamu, Wakristo, na wengi walioshika mila za wazee wao. Siku ya uzinduzi sheikh ataomba dua, padri atasali, na wazee wa koo watafanya yao kwa utaratibu watakaoupanga wenyewe. Jiwe halitabeba alama ya dini yoyote.

Uzinduzi ni lini?

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Wapo waliopendekeza 11 Novemba, siku vita vilipoisha Ulaya, lakini siku hiyo watu wetu walikuwa bado wanatembea. Tarehe 25 Julai taifa zima huweka mkuki, ngao, sime, upinde na mishale kwa mashujaa wake, na tunataka wa kwetu wahesabiwe humo. Mwaka tutautangaza orodha ya majina itakapokuwa imekamilika. Hatutaharakisha orodha ili tuwahi sherehe.

Nyumbani tuna picha ya zamani, au kibati chenye namba, au barua. Tuilete?

Ileteni, ila msituachie. Tutaipiga picha mbele yenu, tutaandika mmeipata kwa nani na yeye aliipata kwa nani, kisha mtaondoka nayo siku hiyo hiyo. Msiisafishe kabla ya kuja. Kibati kikiwa na kutu kileteni na kutu yake, kimefungwa kwenye kitambaa kikavu. Namba ikisomeka hata nusu, inatosha kuanza kutafuta jina.